Dira Isiyogusa Udongo

Nyumbani kwetu kulikuwa na vitu viwili ambavyo mtoto hakuruhusiwa kuvishika kabla ya kunawa mikono: msahafu na dira ya babu. Msahafu ulikaa juu ya kabati. Dira ilikaa ndani ya sanduku la chuma la rangi ya kijani, la aina ile ambayo jeshi la Mwingereza lilibebea risasi, na sanduku lenyewe lilikaa chini ya kitanda cha baba. Babu alipata dira na sanduku lake siku alipostaafu uaskari, na kwa jinsi baba alivyosimulia, ungedhani alikabidhiwa funguo za mji.

Sisi ni Wanubi. Babu wa babu yangu aliletwa Uganda kutoka Sudan akiwa na bunduki begani, na tangu hapo mwanamume wa kwetu asipokuwa askari huwa dereva. Mimi nilizaliwa mwanamke na nikawa mwalimu wa fizikia, na ukoo ulinisamehe polepole. Huwa sioni haya kusema kwamba kazi yangu naijua. Ndiyo maana nataka kueleza kosa nililolifanya mimi na shahada yangu, kosa ambalo nadhani lisingefanywa na familia nyingine yoyote ya Kampala.

Dira ile ilikuwa na sharti lake. Haikuguswa na udongo. Babu alisema kitu kinachokuonyesha Makka huwezi kukiweka mahali unapokanyaga, na neno la babu kwetu lilikuwa amri. Kwa hiyo kila ilipotolewa, sanduku lilifungwa, kitambaa cheupe kikatandikwa juu ya kifuniko, na dira ikaketi juu ya kitambaa kama bibi harusi. Upande wa ndani wa kifuniko babu alibandika karatasi, akaandika kwa tarakimu za Kiarabu namba moja tu: kumi na nane. Maana yake ni kwamba, ukiwa Kampala, tafuta kaskazini, kisha geuka digrii kumi na nane kuelekea mashariki. Hapo ndipo kilipo kibla. Nilipokuwa mtu mzima niliipiga hesabu hiyo mwenyewe kwa kanuni za pembe za tufe, nikajaza karatasi mbili, nikapata kumi na nane. Sijui babu aliipata wapi. Ilikuwa sahihi.

Nilikuwa na miaka minne serikali ya askari ilipoangushwa, tukakimbia nchi kama walivyokimbia wengi wetu, tukaenda kuishi kwa ndugu zetu wa Kibera, Nairobi. Huko nilisoma shule, na Kiswahili changu kikanyooka kuliko cha baba, ambaye alikipata katika kambi ya polisi na hakuona sababu ya kukirekebisha. Vita vya themanini na sita vilipokwisha na habari zikafika kwamba mtu anaweza kurudi bila kuulizwa maswali mengi, baba alifunga virago. Katika basi la kurudi mizigo yote ilikaa juu ya paa, ila sanduku lile alilipakata mapajani kutoka Nairobi hadi Kampala. Kila mara askari wa kizuizini aliposema lifunguliwe, baba alimwomba kwanza anawe mikono. Askari mmoja alinawa kweli.

Tulitua Kawempe, mtaa wa Kampala ambapo familia kumi na kitu za Kinubi zilikuwa zimerudi kabla yetu. Walikuwa wakiswali uwanjani, kila mtu akielekea alikodhani. Wakakubaliana kujenga nyumba ya swala ya mabati, na waliposikia kwamba baba ana dira ya jeshi, hawakutafuta mtu mwingine.

Nakumbuka asubuhi hiyo vizuri kwa sababu nilipewa kazi. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Baba alivaa kanzu iliyopigwa pasi, akaweka sanduku katikati ya uwanja, akatandika kitambaa, akaweka dira. Alingoja sindano itulie, akahesabu digrii kwa ncha ya kijiti, kisha akafunga kamba kwenye mpini wa sanduku na kunipa ncha ya pili. Nilitembea nayo nikirudi kinyumenyume huku yeye akinionyesha kwa mkono, kulia kidogo, kushoto kidogo, hadi aliposema, "Hapo. Vuta." Niliivuta kamba mpaka ikalia. Wazee walipiga kigingi penye miguu yangu, na ukuta wa mbele ulijengwa kwa kuufuata mstari huo. Kwa miaka mingi baadaye, nikiwa nyuma ya pazia na wanawake, nilikuwa nikijiambia kwamba watu wote hawa wameelekea mahali niliposimama mimi. Nilivimba kichwa kwa hilo, na sikuwahi kutubu.

Sasa niseme neno kuhusu sindano ya dira, maana ndiyo iliyonilisha. Dunia yetu ni sumaku kubwa iliyo dhaifu. Ndani kabisa, chini ya miamba, kuna chuma kilichoyeyuka kinachozunguka, na mzunguko huo ndio unaoifanya dunia nzima iwe na ncha ya kaskazini na ya kusini. Nguvu yake inapokufikia wewe uliyesimama Ntinda, hapa Kampala, ni ndogo mno. Sumaku ya kubandika karatasi kwenye friji inaishinda kwa mara mia na zaidi. Sindano ya dira ni nyepesi na imesimama juu ya ncha kali ili iweze kusikia mnong'ono huo. Kwa hiyo ni kitu chenye adabu sana, kinachotega sikio kwa mbali, na kama chuma kiko karibu, kitamsikiliza aliye karibu. Nimelifundisha somo hili katika shule moja ya Ntinda kwa zaidi ya miaka kumi na tano. Kila mwaka nawaambia wanafunzi watoe saa, funguo na mikanda yenye vifungo vya chuma. Kila mwaka kuna mmoja anayesahau, na ninamtania kipindi kizima.

Nyumba ya mabati ilizeeka. Mabati yakaoza pembeni, mvua ikawa inaswali pamoja nasi, na kamati ikaamua kujenga msikiti wa matofali papo hapo. Fundi aliyepewa kazi alikuwa Mkenya, Mkristo, jirani yetu aliyekuja Kampala kutafuta kibarua na sasa alikuwa na vibarua wake mwenyewe. Mchanga ulimwagwa, kokoto zikamwagwa, na kazi ya kwanza ikawa kufunga kamba za msingi.

Hapo ndipo mjumbe mmoja wa kamati, mwanamume anayeuza simu mjini karibu na soko la Nakasero, alipotoa simu yake na kusema kwamba ukuta wa mbele umepinda. Kibla, kwa mujibu wa simu, kilikuwa upande wa kushoto zaidi. Mwingine akatoa simu yake, ikaonyesha kushoto zaidi ya hapo. Ya tatu ikaonyesha kulia. Baada ya dakika chache uwanja ulikuwa umejaa watu wazima wanaozungusha simu hewani kama wanaofukuza nyuki, na kila mmoja alikuwa na Makka yake.

Ningekuwepo ningewaeleza kwamba ndani ya simu kuna kipimo kidogo cha sumaku, na kwamba kipimo hicho kinadanganywa na yaleyale yanayodanganya sindano: mabati, nondo zilizolazwa chini, hata kifuniko cha simu chenye sumaku ya kufungia. Lakini nilikuwa darasani. Aliyekuwepo ni baba, na alimsikia yule muuza simu akisema kwamba mambo haya hutokea watu wanapopimiwa kibla kwa kichezeo cha vita vya zamani.

Baba alirudi nyumbani, na adhuhuri hakwenda kuswali na wenzake. Alasiri pia hakwenda. Alikuwa na miaka karibu themanini, na tangu tuhamie Kawempe sikumbuki siku ambayo nafasi yake ya safu ya kwanza, upande wa kulia, ilikuwa wazi bila yeye kuwa mgonjwa.

Imamu alikuja kumwona, na alikuja na maneno mazuri. Alisema mtu akijitahidi kutafuta kibla kwa njia aliyonayo, swala yake ni sahihi, hata ikija kubainika alikosea, na hakuna mtu wa Kawempe atakayelipa swala hata moja. Baba alimsikiliza, akamshukuru, akamsindikiza hadi barabarani. Siku ya tatu nilipita chumbani kwake nikamkuta ameketi juu ya mkeka wa swala, ameukunja nusu. Wakati wa alasiri ulikuwa unakwenda. Nilimuuliza kama anaumwa.

"Mama," akaniambia, na huwa ananiita hivyo akitaka nimsikilize, "sheikh anasema Mungu amekubali. Kale, ni sawa. Lakini mimi niliwaambia hii watu niko na uhakika. Sasa hata hapa ndani ya nyumba sijui nielekee wapi."

Nilikasirika, kwa sababu hasira kwangu huja haraka kuliko machozi, na nina faida zaidi nikiwa nimekasirika. Nikamwambia aniachie jambo hili mimi, kazi yangu ni hii. Mawe ya kwanza ya msingi yalikuwa yawekwe baada ya wiki mbili. Kama baba asingerudi kwenye safu kabla ya zege kumwagwa, nilijua hatarudi tena.

Kesho yake nilikuja na dira ya shule, mpya, ya aina ninayoiamini. Nilitaka kujua kama ya babu imeharibika, maana sindano ikikaa miaka mingi huweza kupoteza nguvu au kukwama. Nilitoa saa mkononi. Niliweka simu chumba kingine. Nilivua hata hereni. Kisha nikanawa mikono, nikavuta sanduku kutoka chini ya kitanda, nikalifunga, nikatandika kitambaa cheupe, nikaweka dira ya babu na pembeni yake, kwa umbali wa kutosha zisisumbuane, dira ya shule.

Sindano zote mbili zilitulia. Zilielekea upande mmoja, sambamba kabisa.

Nilifurahi hadi nikacheka peke yangu. Nilimwita baba aje aone. Nikamwambia kwamba dira ya babu ni nzima, inasema sawasawa na dira ya kisasa ya shule, na kwamba muuza simu arudi akauze simu. Baba aliinama, akatazama sindano moja, akatazama ya pili, akanyooka. Jioni hiyo alikula chakula chote, akaniambia kesho atakwenda kuswali na watu. Nilimwambia nitakwenda naye kuzungumza na kamati.

Alipojinyoosha sebuleni baada ya kula, nikaanza kukusanya vitu chumbani kwake. Dira ya babu niliirudisha kwenye mfuko wake wa ngozi. Ya shule niliitelezesha juu ya kitambaa hadi ukingoni mwa sanduku, nikaichukua, nikaiweka juu ya meza ya mbao hatua tatu kutoka hapo. Nilikuwa nikitafuta kifuniko chake. Nilipoiangalia tena, sindano ilikuwa imegeuka.

Niliirudisha juu ya sanduku. Ikarudi ilikokuwa. Niliipeleka mezani. Ikageuka tena. Nilifanya hivyo mara nne, kama mtu anayefungua na kufunga mlango akitumaini kwamba chumba kitakuwa kingine. Kisha nikaketi juu ya kitanda cha baba na kulitazama lile sanduku la chuma.

Mimi, mwalimu wa fizikia niliyevua hata hereni, niliipima sumaku juu ya boksi la risasi. Chuma cha miaka sabini, chenye sumaku yake mwenyewe, kilikuwa chini ya sindano kwa unene wa kitambaa tu, na sikukiona. Sikukiona kwa sababu kwangu hakikuwa chuma. Kilikuwa mahali pa dira. Hakuna mtu katika ukoo wetu aliyewahi kuiona dira ile ikiwa mahali pengine, na kwa hiyo hakuna mtu aliyewahi kuisikia ikisema kweli. Zile dira mbili hazikukubaliana juu ya kaskazini. Zilikubaliana juu ya sanduku.

Nilipopima tofauti, ilikuwa digrii ishirini na kitu upande wa mashariki. Watu wote wale, miaka yote ile, tuliwaelekeza kulia kupita kiasi, baba akinionyesha kwa mkono na mimi nikivuta kamba.

Kilichoniuma zaidi ni chakula alichokula. Nilikuwa nimekwisha kumwambia kwamba yuko sawa.

Nilimwambia asubuhi, kabla hajavaa kanzu. Sikuzunguka. Nilimwonyesha dira ya shule mezani, kisha juu ya sanduku, kisha mezani, na nikamweleza kwamba jana nilikosea kama alivyokosea yeye, kwa njia ileile. Aliitazama sindano ikigeuka. Akavua kofia aliyokwisha kuivaa, akaiweka juu ya mto.

Nilipendekeza tuipeleke dira ya shule uwanjani tukapime upya. Akatikisa kichwa. Alisema watu wameshaona simu tano na dira moja, hawatataka sindano ya saba. Hapo alikuwa sahihi, na nililijua hilo. Sindano ni kitu cha kuaminiwa, na imani ilikuwa imekwisha. Nilihitaji kitu ambacho kila mtu angekiona kwa macho yake na ambacho hakikuwahi kukaa chini ya kitanda cha mtu yeyote.

Jua lilikuwa linakaribia kunipa kitu hicho. Kila mwaka, mara mbili, mwishoni mwa Mei na katikati ya Julai, jua linapopanda adhuhuri hupita juu kabisa ya Makka, utosini, kiasi kwamba mtu aliyesimama pale hana kivuli. Mkao huo hudumu dakika chache tu. Ukitaka kuelewa faida yake, fikiria sherehe ya harusi uwanjani, na taa imening'inizwa juu ya sinia la pilau. Umati umekuzuia, sinia hulioni. Lakini taa unaiona, na ukigeukia taa umeligeukia sinia. Dakika ile jua huwa ndiyo taa, na Makka huwa ndiyo sinia. Mtu yeyote aliye mahali ambapo jua linaonekana, awe Kampala au Kairo, akisimamisha kijiti wima, kivuli chake huangukia upande ulio kinyume na Makka. Akisimama kwenye ncha ya kivuli na kutazama shina la kijiti, anatazama kibla. Hakuna sindano, hakuna simu, hakuna hesabu. Wanazuoni wa zamani walilijua hilo vizuri, na imamu wetu, nilipomweleza, aliniambia alilisoma ujanani na hakuwahi kuliona likifanywa.

Mwaka huo wiki ya Julai iliangukia kabla ya zege. Kwa saa zetu, ilikuwa saa sita na dakika ishirini na saba mchana.

Kamati ilikubali, muuza simu pia, kwa shingo upande. Aliyekataa kuja ni baba. Nilimweleza habari ya taa na sinia mara mbili, akasikiliza akiwa amefumba macho, nikadhani amesinzia. Kisha akauliza swali moja.

"Jua iko na chuma?"

Kwa kweli jua lina chuma ndani yake, kiasi kidogo, na mwalimu aliye ndani yangu alifungua mdomo kusema hivyo. Niliufunga. Nikamwambia kivuli hakijali chuma cha mtu. Akawaza kidogo, akasema atakuja, lakini sanduku pia litakuja.

Siku hiyo kulikuwa na mawingu. Julai ya Kampala haina mvua nyingi lakini ina ukungu wa vumbi na moshi, na asubuhi yote anga ilikuwa ya rangi ya uji. Tulikuwa watu kama ishirini uwanjani, wanaume upande mmoja na sisi wanawake wachache upande wa pili, na mimi katikati kwa sababu hakuna aliyethubutu kuniambia niondoke. Fundi alileta timazi yake, uzi wenye kipande kizito cha madini ya risasi wa kupimia ukuta, akaining'iniza kwenye fremu ya mbao aliyoipigilia misumari asubuhi hiyo. Nilimpenda kwa wazo hilo. Kijiti kinaweza kuinama bila wewe kujua. Uzi wenye uzito hauinami. Chini yake tulisawazisha ardhi na kunyunyiza chokaa ili kivuli kionekane.

Baba aliketi kwenye kiti cha plastiki, sanduku mapajani, kama ndani ya lile basi.

Saa niliilinganisha na redio. Saa sita na robo, hakuna kivuli. Saa sita na dakika ishirini, hakuna. Muuza simu alikohoa na kusema kwamba Mungu ametaka tutumie simu, na watu wawili wakacheka. Fundi, ambaye hakuwa na swala ya kupoteza pale, alikuwa ndiye aliyetazama juu kwa wasiwasi kuliko wote.

"Mwalimu, mimi nafunga kamba pale mtaniambia," akasema. "Lakini nikishamwaga zege, imetoka hiyo. Sirudi kubomoa."

Nilimwambia dakika mbili kabla au baada hazina neno. Nilisema kwa sauti ya darasani. Nilikuwa najua hesabu yangu. Mawingu ndiyo sikuyajua. Kama siku ile ingepita bure, kesho yake ingefaa bado, lakini nilijua baba hataketi kwenye kiti kile mara ya pili.

Ilipofika dakika ya ishirini na tano, chokaa ikabadilika rangi. Kwanza kwa udhaifu, kisha jua likatoka lote, na kivuli cha uzi kikalala juu ya chokaa, chembamba, kilichonyooka, kirefu kupita hatua moja kidogo. Nilihesabu kwa sauti hadi dakika ishirini na saba, nikaweka msumari kwenye ncha ya kivuli na mwingine chini ya risasi ya timazi, na fundi akafunga uzi kati ya misumari hiyo miwili.

Kila mtu alipata zamu ya kusimama kwenye ncha na kutazama. Mstari ulielekea kushoto zaidi ya ulikoelekea ukuta wa zamani, kwa tofauti ambayo hata mtoto angeiona. Muuza simu alisimama, akatoa simu yake, akailinganisha, na simu ikapita kushoto zaidi ya uzi. Aliitazama kwa muda, akairudisha mfukoni. Imamu alirudia maneno yake, sasa kwa watu wote: yaliyopita yamekubaliwa, yanayokuja yatafuata uzi huu.

Nilimtazama baba. Hayo yalikuwa maneno ya kumwondolea mtu dhambi, na nilikuwa na hakika kwamba kwake yalikuwa yanasema tu kuwa alikosea mbele za watu. Nilikuwa nimemleta hadharani nikathibitisha kosa lake kwa jua. Kwa dakika hiyo moja, ujuzi wangu wote niliuona hauna maana.

Baba akasimama. Alifungua sanduku kwenye kiti, akatoa dira kwenye mfuko wa ngozi. Kisha akanikabidhi sanduku tupu.

"Peleka hii mbali," akasema.

Nililipeleka hadi barabarani, nikaliweka kando ya mtaro, nikarudi mbio. Nilipofika alikuwa amepiga magoti, kazi iliyomchukua muda, dira ikiwa kiganjani. Alipapasa ardhi kando ya uzi, mbali na misumari, akaondoa kokoto mbili. Akaiweka dira ya baba yake juu ya udongo.

Miaka yote hiyo, na nyumba zote zile za kuhama, hakuna aliyewahi kuliona jambo hilo. Sindano iliyumba, ikarudi, ikatulia. Baba akahesabu digrii kwa ncha ya kijiti, taratibu, akitoka kaskazini kwenda mashariki, hadi kumi na nane, na kijiti kikalala juu ya uzi wa fundi bila kuachana nao hata unywele.

Alibaki amepiga magoti kwa muda mrefu. Nilipoinama kumsaidia nikaona macho yake yamejaa.

"Mzee alisema kweli," akaniambia. "Ni sisi hatukumwacha aseme."

Fundi alikuja na bunda la kamba mpya, akauliza nani atamshikia upande wa mbele. Watu watatu walinyoosha mikono. Baba aliichukua kamba, akaifunga mwenyewe kwenye msumari wa timazi, akaniwekea ncha ya pili mkononi. Nilirudi kinyumenyume, mwanamke wa miaka arobaini na viatu vya shule, yeye akinionyesha kwa mkono, kushoto kidogo, kushoto kidogo tena, watu wakitupisha. Adhana ya adhuhuri ilikuwa inakaribia, na imamu alikuwa tayari anatandika mikeka uwanjani kufuata uzi. Nafasi ya kulia ya safu ya kwanza ilikuwa wazi, na baba alikuwa ameshavaa kofia yake.

"Hapo," akasema. "Vuta."